Siku Tuliyomlilia Rubani wa Kwenye Kanda

Jamani, hii habari nimeikalia miaka mingi, na leo naitoa kwa sababu moja tu: wale walioishuhudia bado wapo palepale mtaani Mji Mpya, na kila nikikatiza sokoni lazima mmoja aniulize, "Tina, arobaini lini?", halafu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana wao wanaitia chumvi mpaka imefika mahali inasemekana nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini ghafla tu, miguu ilikataa, na mtu yeyote angekaa.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa milango. Mitumba imejaa, sabuni za kila rangi zimerudi madukani, na kila mwenye ndugu Dar au Dubai ana televisheni ndani (ya nini, wakati hakukuwa na stesheni hata moja ya kukamata? ya kuangalia kanda za video, basi). Upande wangu mimi ruksa ilikuja na sura nyingine, kwa sababu kiwanda nilichokuwa nafanya kibarua kilifungwa kikisubiri mnunuzi, wakatuambia twende nyumbani tutaitwa, na mpaka leo sijaitwa.

Kilichoniokoa ni banda la video la Mzee Hamza. Mzee Hamza alikuwa fundi umeme kwenye mashamba ya miwa, alipostaafu akanunua televisheni, deki na jenereta, akajenga banda la mabati, akapanga mabenchi, na televisheni akaiweka ndani ya kabati lenye kufuli kama vile ni mtoto wa mfalme. Jioni walikuja wanaume kuangalia ngumi za Wachina. Jumamosi mchana lilikuwa onyesho la akina mama, na msimulizi wa akina mama nilikuwa mimi, hata ufunguo wa kabati nilikabidhiwa mimi. Nasimama pembeni ya televisheni na mpini wa ufagio mkononi, naonyesha: huyu ndiye mume, huyu hawara, huyu mama mkwe, muwe naye macho, hapo anamwambia mwenzake kwamba mtoto si wake. Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne na nusu yake nilishakisahau, lakini jamani, uso wa mwanamume anayemdanganya mkewe hauhitaji kamusi, na pale nilipokwama nilijaza mwenyewe (na wengine walisema nilipojaza mwenyewe ndipo palinoga zaidi).

Nililipenda lile onyesho kupita kiasi. Nasema wazi. Wiki nzima nilikuwa mtu asiye na kazi anayekaa kwa shangazi yake na kuosha vyombo bila kuambiwa, ila Jumamosi mchana nilikuwa mtu, akina mama wananiangalia mdomoni, nikinyamaza wananiuliza, "Enhe, halafu?"

Sasa siku moja Mzee Hamza akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Tina mwanangu, akina mama wako hawajazi hata mabenchi mawili. Wanaume wananiomba Jumamosi mchana niwawekee ngumi. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Banda lisipojaa, onyesho lako ndiyo basi."

Usiku ule sikupata usingizi, na asubuhi yake nikasikia redioni habari ambayo niliona imeletwa na Mungu: kwamba huko Marekani wanakaribia kutoa tuzo zao kubwa za filamu, na kwamba watu wa kule hujifurahisha kwa kutabiri nani atashinda kabla hazijatangazwa. Nikaruka. Si na sisi tutabiri! Mji Mpya wana tofauti gani na Marekani? Mzee Hamza alikuwa ndiyo kwanza amepokea kanda tatu kutoka Dar, bado zimefungwa nailoni zake, aliyezileta akasema ni mzigo mpya, na kwetu siku zile kitu kikishuka stendi ya Msamvu leo ni cha leo, nani angebisha? Nikazichagua hizohizo tatu. Moja akina mama waliiita Farasi Kipofu, ya pili Binti wa Jaji, na ya tatu ndiyo ile ya Rubani.

Huyo Rubani, jamani. Alikuwa na macho ya upole na sauti inayotokea tumboni, na ana namna ya kuvua kofia akiingia ndani ambayo banda zima lilikuwa linashusha pumzi. Kwenye picha anakwenda vitani, ndege inatunguliwa, mkewe anaambiwa mumeo amekufa, analia, anaolewa na mwingine, halafu siku moja Rubani huyo anagonga mlango. Tuliirudia sehemu ya mlango mpaka Mzee Hamza akalalamika kwamba kanda itakatika.

Nikatengeneza utaratibu. Jumamosi moja picha moja, na Jumamosi ya mwisho ndiyo siku ya tuzo. Makopo matatu ya maziwa ya unga, kila moja limebandikwa picha ya kwenye jalada la kanda, ukiingia mlangoni unapewa punje moja ya hindi, unaitumbukiza kwenye kopo la unayemtabiria. Zawadi ni mkungu mzima wa ndizi kutoka kwa mama yangu kule Matombo, na katika waliotabiri sawa atakayepata mkungu ataokotwa kwa bahati nasibu. Habari ikatembea kutoka bombani mpaka sokoni, wa sokoni wakaipeleka kwa wateja, na ghafla wanawake ambao hawajawahi kukanyaga banda la video wanabishana juu ya Rubani wakiwa wanamenya njegere.

Hapo ningeishia. Ningemwaga mahindi, ningetangaza ninayemtaka, tungekula ndizi, basi. Lakini mimi nimelelewa kwenye nchi ambayo hata kisima kikichimbwa lazima kipate mgeni rasmi, nikaona shughuli yangu bila mgeni rasmi itaonekana ya kihuni. Nani basi? Nikamkumbuka Dokta mmoja, mhadhiri wa mambo ya mifugo kule Mazimbu, mtu aliyesoma ng'ambo na aliyesemekana ana magazeti ya kizungu na redio ya kukamata dunia nzima. Nikamfuata. Akakubali kwa furaha, akasema atatusomea matokeo yenyewe hasa kama yalivyotangazwa. Na mimi (hapa nijichape kibao) kwa kuringa kwangu sikumwonyesha hata jalada moja la kanda, nikamwambia tu, "Dokta, wewe njoo, mengine tumeshaandaa."

Siku ikafika, na banda likajaa. Si kujaa kwa kusema, watu walikaa hadi chini, wengine wakasimama mlangoni na watoto mgongoni. Mimi nimevaa gauni jeupe la kuazima na koti la mitumba lenye mabega makubwa mpaka nilipita mlangoni kwa ubavu. Benchi la mbele alikaa Mama Kobelo, muuza kabichi wa kutoka milimani Mgeta, mama wa nguvu, mjane, mtu asiyecheka ovyo, na ndiye aliyeleta maua ya kuweka kwenye meza ya mgeni rasmi. Kopo la Rubani lilishafurika, mengine mawili yana mahindi ya kuhesabu kwa vidole. Nikasema moyoni, Tina, umeshinda.

Dokta akafika na tai yake, tukampigia vigelegele, akakaa. Halafu akayaangalia makopo. Akainama, akayaangalia kwa karibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Dada Tina," akaninong'oneza, "hizi ndizo picha mlizotabiria?"

"Ndizo, Dokta."

"Zote?"

"Zote. Zimeingia juzi tu."

Mtu mwingine angedanganya, angesema hongereni na kukaa. Lakini Dokta kazi yake ni kupima maziwa, akikuta maji anasema kuna maji, hajui kusema vingine. Akasimama, akatupongeza, akasema hajawahi kuona akina mama wenye mwamko kama sisi, tukapiga makofi. Halafu akakohoa kidogo.

"Ila niseme ukweli, mama zangu. Picha hizi ni nzuri sana, lakini niliziona nikiwa masomoni, sijaoa bado." (Watu wakacheka, wakidhani ni utani, maana binti yake mkubwa alikuwa tayari sekondari.) "Hii ya farasi ilipata tuzo kweli, lakini mwaka ule, si mwaka huu. Na hii ya rubani haikupata kitu, ingawa marehemu alistahili sana."

"Marehemu nani?" Mama Kobelo akauliza.

"Huyu, mama. Huyu wa kwenye picha. Aliugua, akafariki, ni miaka mingi sasa."

Sauti moja nyuma ikasema, "Mwulizeni vizuri, hata kule kwenye picha walisema amekufa, na akarudi." Watu wote wakamgeukia Dokta kwa matumaini makubwa kabisa, na Dokta wa watu akatikisa kichwa, akasema hapana, mama, hii ya sasa ni kweli.

Mama Kobelo akaweka mikono kichwani. Kile kilio, ndugu zangu! "Mulungu wangu! Jamani kaka wa watu!" Wa pembeni yake akapokea, wa nyuma akapokea, kufumba na kufumbua banda zima linalia, na mimi nasimama na mpini wangu wa ufagio nasema, "Jamani, tusikilizane, jamani," nani anisikie? Na mnajua wanawake wetu wakishaanza kulia mikono yao haikai bure, kila mmoja anajua la kufanya: kanga zikafungwa viunoni, mabenchi yakatolewa nje kwa sababu msiba unakaliwa nje, mkeka ukatandikwa, jirani mmoja ambaye hata hakuwemo bandani akasikia kilio akabandika sufuria kubwa la maji kwenye mafiga.

Basi mtaa ukaja. Wanaume wanafika wamevua kofia, wanatafuta mfiwa wampe mkono, na wakiangalia hivi wanamwona mtu mmoja tu mwenye tai na huzuni usoni, wakampangia foleni Dokta. "Pole sana, ndugu." "Asante, lakini..." "Jikaze, ndiyo dunia." "Asante, ila naomba nieleze..." Hakuna aliyempa nafasi. Wakaja vijana na majembe na sepetu, wamekunja suruali tayari, wakaniuliza mimi, maana kwa lile koti nilionekana msemaji.

"Dada, pole. Makaburi ya wapi?"

"Hakuna makaburi," nikasema.

"Anasafirishwa?"

"Hapana."

"Ni Muislamu au Mkristo? Tujue tunachimbaje."

Nikasema sijui. Waliniangalia, jamani, kwa jicho ambalo sitalisahau, mtu analiliwa kwenye shughuli yako na hujui hata dini yake.

Hapo ndipo Mzee Hamza akatokea, anatoka msikitini kuswali Alasiri, kaona umati, kaona mabenchi yake barabarani, akadhani umeme umeua mtu ndani ya banda. Mzee wa watu alikimbia na kanzu kaishika mkononi, akapita katikati ya watu, akazima jenereta, akatoka.

"Nani? Nani amenaswa na umeme? Semeni!"

Macho yote kwangu. Ikabidi niseme, na ikabidi niseme kwa sauti kwa sababu wa nyuma walikuwa wanauliza anasemaje, kwamba hakuna aliyenaswa, kwamba aliyefariki ni yule Rubani wa kwenye kanda, Mzungu, kwamba alifariki zamani huko kwao Marekani, na sisi ndiyo habari imetufikia leo.

Kwanza hakuna aliyeelewa. Halafu kijana mmoja akaegemea jembe lake, akaanza kucheka taratibu, akashindwa kujizuia, na wengine wakafuata, wanaume wazima wanajigaragaza kwenye mkeka wa msiba, wapita njia wanaelezwa na wao wanaanguka, mwingine anampa Dokta pole upya kwa kebehi. Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye vumbi, na gauni la watu jeupe.

Mzee Hamza peke yake hakucheka.

"Tina, nilikuambia ujaze banda. Sikukuambia ujaze barabara." Akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa kabati. Onyesho lako limeisha leo."

Nikampa. Na sasa nikalia kweli, wala si kwa ajili ya Rubani, nililia kwa ajili yangu, kwa sababu niliziona Jumamosi zangu zote zijazo nikiwa kwa shangazi naosha vyombo, na hakuna wa kuniuliza enhe, halafu.

Aliyeinuka alikuwa Dokta. Tai imekwenda upande kwa kupewa mikono. "Mzee wangu, samahani," akasema, "shughuli haijafungwa. Niliitwa kutangaza mshindi, na mimi siondoki sijatangaza." Akabeba makopo akayaleta nje, akamwaga mahindi juu ya mkeka mbele ya watu wote. Mahindi niliyogawa mimi yalikuwa meupe. Kwenye rundo la Rubani kulikuwa na mahindi ya njano viganja vizima, mtu katoka nayo nyumbani kwake, na Mama Kobelo akaangalia pembeni kuelekea milimani kana kwamba anasoma mawingu. Watu wakacheka tena, lakini safari hii na akina mama wakacheka, machozi bado mashavuni. "Hata tukiyatoa ya njano," Dokta akasema, "kashinda. Mji Mpya imempa alichonyimwa Marekani. Zawadi apokee mfiwa."

Wakamsukuma Mama Kobelo. Akapewa mkungu wa ndizi, akaukumbatia.

"Mnisamehe nimeanzisha kelele," akasema. "Baba watoto alipofariki ilikuwa msimu wa kabichi, lori linapakia, nisipopakia zinaoza, watoto wanakula nini? Nilizika, nikashuka na lori. Sikumlilia. Nilikuwa nasema nitalia kesho, nitalia kesho. Leo nimemlilia."

Vijana wakaweka majembe chini. Yule wa kwanza, yule aliyeegemea jembe, akamwendea Mzee Hamza na heshima zote.

"Mzee, shikamoo. Tumekuja na zana zote hizi. Tuonyesheni basi huyo marehemu, tumjue tuliyekuja kumzika."

Mzee Hamza akaangalia ufunguo mkononi. Akaangalia mabenchi, akamwangalia Mama Kobelo na mkungu wake, akaniangalia mimi chini pale. Halafu akawasha jenereta.

Mabenchi yakarudishwa ndani na wanaume wenyewe. Nilikuwa sijawahi kusimulia mbele ya wanaume, siku zote wao walikuwa wa ngumi, na ngumi hazihitaji msimulizi. Nilisimama na vumbi nyuma ya gauni, nikasema huyu ndiye Rubani, huyu mkewe, muwe naye macho huyu rafiki wa mumewe, na nilipofika pale mke anapoambiwa mumeo amekufa nilisita kidogo, nikashindwa kutoa neno, na gizani mle bandani sauti nzito ya kiume ikasema, "Enhe, dada, halafu?"

Mlango ulipogongwa, waliofuta macho si wanawake peke yao. Kuna mtu alisema ni moshi wa jenereta.

Watu walipotawanyika Mzee Hamza alikuwa anafunga kabati. Hakunigeukia. Alisema tu, "Jumamosi ijayo uanze mapema, na waambie waje na waume zao. Mabenchi nitaongeza." Halafu akanitupia ufunguo, nikaudaka na mikono yote miwili.

Nilisimulia pale miaka mingi, na kila mwaka Wamarekani walipotoa tuzo zao na sisi tulitoa zetu, na Dokta alikuja kila mara mpaka alipohama. Kutabiri sijaacha, jamani, ni raha yangu. Ila niliapa siku ileile, nikirudi kwa shangazi na koti begani, kwamba sitakaa nimtangaze mtu kuwa mshindi kabla sijauliza, mbele ya mashahidi, kama bado anapumua.